Uzee: tuukubali tu, au tushindane nao?

Kuna maneno matatu madogo yanayosemwa karibu kila siku katika vijiji na miji yetu: « Ni uzee tu. » Baba hasikii tena anapoitwa: ni uzee tu. Mama hawezi kusimama bila kushika ukuta: ni uzee tu. Bibi haoni tena tundu la sindano: ni uzee tu. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Pengine mzee mwenyewe ndiye anayesema, tena kwa kucheka, ili watoto wake wasihangaike. Na mara nyingi anasema kweli. Lakini je, anasema kweli kila mara? Nguvu za mwili zinapopungua, ni wajibu wetu kunyamaza na kukubali tu? Ama tuna ruhusa, pengine hata amri, ya kushindana?

Ulizo hili si jipya. Kiko kitabu kidogo cha Kilatini kinacholijibu, nacho kina umri wa miaka zaidi ya elfu mbili. Mapadri wengi wa zamani walikisoma seminarini, na wengine walitoa jasho juu yake. Tumekisoma tena, nasi tunataka kupima pamoja nanyi: ni nini ndani yake tushike, na ni nini tuache.

1. Kitabu na mwandishi wake

Mwandishi ni Cicero, msemaji mkubwa wa Roma. Aliandika kitabu hiki karibu na mwanzo wa mwaka wa 44 mbele ya Kristu. Mwenyewe alikuwa na miaka 62. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na binti yake mpenzi, Tullia, na katika mambo ya serikali hakuwa tena na neno. Alimwandikia rafiki yake Atticus, aliyempita umri kidogo, ili wote wawili wapate faraja. Basi tusidhani kwamba kitabu hiki kiliandikwa na kijana anayewafundisha wazee jinsi ya kuzeeka. Kiliandikwa na mtu mwenye huzuni aliyeona uzee umekaa mlangoni pake. Na uzee wenyewe hakuupata mrefu: aliuawa na maadui zake mwezi wa Desemba mwaka wa 43.

Cicero hasemi kwa jina lake mwenyewe. Anamsemesha mzee mwingine aliyekufa zamani, Cato, mtu wa sifa kubwa huko Roma. Anatuonyesha Cato katika mwaka wa 150 mbele ya Kristu, akiwa na miaka 84. Vijana wawili, Scipio na Laelius, wanamwendea na kumwuliza: Mzee, wengine wanalia kwamba uzee ni mzigo mzito kuliko mlima, wewe unaubebaje kwa furaha namna hii?

Cato anajibu kwa mpango mzuri. Anasema kwamba watu wanaushitaki uzee kwa makosa manne. Kwanza, unamtoa mtu katika kazi. Pili, unaudhoofisha mwili. Tatu, unamnyang'anya anasa karibu zote. Nne, unamkaribisha kwenye kifo. Kisha analitwaa kila shitaka na kulijibu, kama vile wazee wa baraza wanavyokata kesi. Sisi leo tutashika hasa lile la pili, la mwili.

2. Mambo mema tunayoyapata

Watu wengi wanadhani kwamba kitabu hiki kinafundisha kukubali tu. Hawakukisoma vizuri. Ni kweli kwamba Cato anaanza kwa kukubali. Anasema hatamani nguvu za ujana, kama vile alipokuwa kijana hakutamani nguvu za ng'ombe dume au za tembo. Kila umri una nguvu zake, na mwenye akili anatumia zile alizo nazo. Hayo ni maneno mazuri. Hata wazee wetu wanasema: ujana ni moshi, ukienda haurudi. Mwenye kukimbiza moshi anajichekesha.

Lakini mbele kidogo Cato anabadili sauti. Anasema uzee unapaswa kukingwa, na kwamba mtu ashindane nao kama anavyoshindana na ugonjwa. Atunze afya yake. Auzoeze mwili wake kwa kiasi. Ale na kunywa sawa na haja, ili chakula kimpe nguvu wala kisimlemee. Na zaidi ya mwili atunze akili, kwa maana akili ni kama taa: usipoitia mafuta inazimika. Anaongeza jambo jingine ambalo wasomaji wengi wanalipita upesi: udhaifu wa mwili si mali ya uzee peke yake. Hata vijana wanakuwa wadhaifu, kwa sababu chanzo chake ni afya mbaya, nayo haichagui umri. Na mara nyingi udhaifu wa mzee ni deni la ujana wake, alipokuwa akiuchezea mwili kwa pombe na ulafi.

Hapo anamtaja mtu wa bara letu. Ni Masinissa, mfalme wa Numidia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo inaitwa Algeria. Anasema mfalme huyo, akiwa na miaka 90, akianza safari kwa miguu hapandi farasi kamwe, na akianza juu ya farasi hashuki. Mvua ikinyesha, baridi ikikaza, kichwa chake hakifuniki. Kwa nini aliweza? Cato anajibu: kwa mazoezi na kwa kiasi.

Wasomaji wapenzi, tuyashike maneno hayo. Yaliandikwa mbele ya kupatikana kwa mashine za hospitali, na bado ni kweli. Hata leo waganga wanawaambia wazee maneno yale yale: tembea, usile kupita kiasi, acha ulevi, usiache kusoma na kuzungumza na watu.

3. Machozi ya Milo

Sasa tuje kwenye jambo la kwanza tusilolikubali. Cato anasimulia habari ya Milo wa Crotona, mpiga mieleka maarufu sana wa Wagiriki. Milo alipozeeka aliwatazama vijana wakishindana uwanjani, akaitazama mikono yake mwenyewe, akalia, akisema kwamba imekwisha kufa. Cato anamcheka. Anamwona mpumbavu, mtu ambaye sifa yake yote ilikuwa katika mbavu na mikono, wala si katika roho yake.

Sisi hatumcheki Milo. Mtu anayeitazama mikono iliyolima shamba miaka 40, au iliyovuta nyavu katika ziwa la Tanganyika, kisha anaona haiwezi tena kuinua ndoo ya maji, halii kwa majivuno. Analia kwa sababu mikono ile ilikuwa mkate wa watoto wake. Bwana mkubwa mwenye watumishi anaweza kudharau mikono, kwa maana hakuitegemea. Fundi, mkulima, mama mtwanga mihogo, hawa hawawezi.

Tena, Milo na Cato wote wawili walikosa katika jambo moja: walidhani mikono ile imekufa kweli. Leo tunajua zaidi. Ni kweli kwamba nyama za mwili zinaanza kupungua pole pole mtu akipita miaka kama 30, na baada ya miaka 60 zinapungua upesi zaidi. Hakuna dawa ya kuzuia jambo hilo kabisa. Lakini mwaka wa 1990 waganga wa Boston, katika Marekani, walitoa habari iliyowashangaza wengi. Waliwatwaa wazee 10 waliokuwa wakitunzwa katika nyumba ya wazee, wenye miaka 86 hadi 96. Kwa majuma 8 waliwafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu, pole pole, chini ya macho ya mganga. Mmoja hakuweza kumaliza. Waliobaki, nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa 174 kwa mia. Mwaka wa 1994 waganga hao walitoa habari ya wazee 100, wenye wastani wa miaka 87, na matunda yalikuwa ya namna hiyo.

Je, wazee hao walirudi kuwa vijana? Hata kidogo. Waliendelea kuzeeka. Lakini sehemu ya udhaifu uliosemwa kuwa wa uzee ilikuwa udhaifu wa kukaa. Mtu anawekwa kitini, analetewa kila kitu, anakatazwa kushika jembe kwa sababu ya heshima, na baada ya mwaka miguu yake imesahau kazi. Kisha tunasema: mnaona, uzee umemshika! Kumbe ni kiti kilichomshika. Tuwaheshimu wazee wetu, lakini heshima inayomfunga mtu kitini ni heshima iliyopotea njia.

4. Cato wa kitabuni na Cato wa kweli

Jambo la pili ni zito zaidi, nasi tunaliona ndilo kosa kubwa la kitabu hiki.

Cato wa Cicero ni mzee mpole, anayependa mizabibu yake, anayesifu kazi ya shamba, anayekaa mezani na jirani zake na kuongea mpaka usiku. Lakini Cato wa kweli aliacha kitabu chake mwenyewe, juu ya kazi ya shamba, nacho tunacho mpaka leo. Ndani yake anamfundisha mwenye shamba vitu vya kuuza ili apate faida: mafuta na divai inayozidi, ng'ombe waliozeeka, gari bovu, vyombo vya chuma vilivyochakaa. Na katika orodha hiyo hiyo anaandika pia: mtumwa mzee, na mtumwa mgonjwa.

Someni tena, wasomaji wapenzi. Gari bovu na mtumwa mzee katika mstari mmoja! Huyu ndiye mtu ambaye Cicero amempa kazi ya kutufundisha kwamba uzee ni kitu chepesi. Ulikuwa mwepesi kwake, kwa maana mizigo yake ilibebwa na wengine. Macho yake yakichoka, mtumwa alimsomea. Miguu yake ikichoka, walikuwako wa kumbeba. Na yule aliyemsomea na kumbeba, alipochoka naye, alipelekwa sokoni.

Si sisi wa kwanza kuona jambo hili. Plutarch, Mgiriki aliyeandika maisha ya watu wakuu kama miaka mia na hamsini baada ya Cicero, alimlaumu Cato waziwazi. Alisema kwamba yeye mwenyewe hangeuza hata ng'ombe aliyemlimia mpaka akazeeka, sembuse mtu mzee! Plutarch hakuwa Mkristu, lakini moyo wake ulimwambia kweli.

Kuna mengine ambayo Cicero aliyafunika. Cato wa kitabuni anaushukuru uzee kwa kumwokoa katika tamaa za mwili. Cato wa kweli, akiwa mjane na mzee sana, alioa mke kijana, akazaa mtoto akiwa na miaka kama 80. Na juu ya uganga, yule wa kweli hakuwaamini kabisa waganga wa Kigiriki, hata akamwonya mwanawe asiwakaribie. Aliwatibu watu wa nyumba yake kwa mashauri yake mwenyewe, na katika kitabu chake anaisifu kabichi kama dawa ya karibu kila kitu. Sisi tunaipenda kabichi, lakini haimfungui mtu macho.

Tuwe wenye haki. Cicero mwenyewe aliliona shimo hili. Mwanzoni kabisa anamweka Laelius aseme: labda uzee ni mwepesi kwako kwa sababu ya mali na cheo chako, ambavyo wengi hawana. Cato anakubali kwamba katika umaskini kabisa hata mwenye hekima hawezi kuuona uzee kuwa mwepesi, wala mpumbavu hauoni mwepesi hata akiwa tajiri. Jibu hilo ni zuri. Lakini baada ya kulisema anaendelea na njia yake, na mzee maskini hapewi tena nafasi kubwa katika kitabu. Mlango ulifunguliwa, na karibu hakuna aliyeingia.

5. Nani anakubali, na kwa ajili ya nani?

Hapo ndipo tunapopata ulizo la kweli. Kukubali ni tendo la mwenye mwili. Mzee akisema moyoni mwake: Bwana, nguvu zangu zinakwisha, nazirudisha kwako, huyo ana fadhila kubwa. Lakini mtoto wake akisema, « Mama amezeeka, tukubali », huyo anakubali nini? Anakubali maumivu ya mtu mwingine. Fadhila hiyo haimgharimu kitu. Ni rahisi sana kuwa mvumilivu kwa mgongo wa mwenzako.

Tutoe mfano unaojulikana kila mahali. Mama mzee anaona ukungu. Mwanzo ni kidogo, kisha kama pazia, kisha haoni nyuso. Ndani ya jicho lake mna kitu kidogo cheupe. Huo ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho letu mna kioo kidogo cha kupitisha nuru, na kwa miaka mingi kioo kile kinachafuka. Kweli, chanzo chake kikubwa ni uzee. Lakini tangu mwaka wa 1949, mganga Harold Ridley alipoweka kioo cha kutengenezwa ndani ya jicho la mgonjwa huko London, njia ya kuliponya imefunguka. Siku hizi kioo kilichochafuka kinatolewa, kingine kinawekwa, na mara nyingi kazi yenyewe haipiti nusu saa. Hata hivyo Shirika la Afya la Dunia limehesabu watu wapatao milioni 94 wenye shida ya kuona kwa ajili ya ugonjwa huu. Wengi wao waliambiwa: ni uzee tu.

Tena si macho tu. Mzee asiyesikia pengine sikio lake limezibwa na nta, na dispensari inaweza kulisafisha. Mwenye kizunguzungu pengine damu yake imepanda, au imepungua. Na mzee aliyekuwa na akili zake zote jana, leo akachanganyikiwa na kusema ovyo, huyo msimwite mzee. Mwiteni mgonjwa, mkampeleke haraka. Pengine ni malaria, pengine ni ugonjwa wa njia ya mkojo. Uzee hauji kwa usiku mmoja.

Kuna jambo baya zaidi. Katika nchi zetu nyingi, bibi kizee mwenye macho mekundu anaogopwa. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko, miaka 50 ya kupikia wengine. Lakini watu wananong'ona: mchawi. Wengine wamepigwa, wengine wameuawa. Huko kuukubali uzee kumegeuka kuuchukia. Basi yule aliyesema « ni uzee tu » na yule aliyesema « ni uchawi » wamefanana katika jambo moja: hakuna hata mmoja aliyemtazama bibi machoni akauliza anaumwa nini.

Tunajua mtatujibu: fedha ziko wapi? Ni jibu la haki, wala hatulidharau. Nyumba nyingi zinachagua kati ya masomo ya mtoto na safari ya bibi hospitalini. Hatuwezi kuwachagulia. Lakini pigeni hesabu yote. Bibi kipofu anahitaji mtu wa kumwongoza, na mara nyingi mtu huyo ni mjukuu aliyetolewa shuleni kwa kushika ncha ya fimbo. Akiona tena, watu wawili wamefunguliwa. Na kama kweli fedha hazipatikani, tuseme wazi: « Mama, hatuna uwezo. » Maneno hayo yanaumiza, lakini ni ya kweli, na jirani na ndugu wakiyasikia wanaweza kusaidia. Maneno « ni uzee » yanafunga mlango, wala hakuna atakayebisha tena.

Neno lenyewe lina nguvu za kufunga milango hata kwa wataalamu. Shirika la Afya la Dunia lilipotengeneza orodha yake mpya ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika mwaka wa 2022, lilitaka kuweka humo neno « uzee ». Wengi walipinga. Waliogopa kwamba mganga ataandika neno hilo na kuacha kutafuta ugonjwa wenyewe. Neno likaondolewa, likawekwa jingine linalosema juu ya kupungua kwa uwezo wa mwili pamoja na umri. Tunaona walifanya vizuri.

6. Wanaokataa kupita kiasi

Wengine watasema: basi Cicero alikosa, tupigane tu mpaka mwisho! Hapana. Hapa Cicero ana mengi ya kutufundisha, kwa maana wako pia wasiokubali kitu.

Katika miaka ya 1920 mganga mmoja huko Ufaransa, Serge Voronoff, alijulikana dunia nzima. Alikata vipande vya viungo vya sokwe na nyani na kuvishona katika miili ya wazee matajiri, akiahidi kuwarudishia ujana. Sokwe hao walitolewa Afrika. Matajiri walilipa fedha nyingi, na magazeti yalimsifu. Baadaye ilionekana kwamba kazi ile haikuwa na faida yo yote. Wazee wakaendelea kuzeeka kama jirani zao maskini, na tofauti ilikuwa mfukoni tu.

Leo hatuna Voronoff, lakini tuna ndugu zake. Wako sokoni na chupa zao, wanaahidi nguvu za kijana wa miaka 20. Wanamwuzia mzee dawa zisizo na jina, na pengine anaacha dawa ya kweli ya hospitali kwa ajili yao. Mwenye kushindana na kila kitu anashindwa hata na kile ambacho angekishinda.

Hapo twende kwa mtawa mmoja, atufundishe kiasi. Karibu na mwisho wa miaka ya 1200, huko Italia, miwani ilipatikana. Mtu wa kwanza aliyeitengeneza hakutaka kuwaonyesha wengine. Lakini Alessandro della Spina, Mdominikani wa Pisa aliyekufa mwaka wa 1313, aliiona, akajua kuitengeneza, akawagawia watu ufundi wake kwa moyo wa furaha. Mwaka wa 1306 ndugu yake mtawa, Giordano wa Pisa, aliisifu katika mahubiri huko Firenze, kama moja ya kazi bora na zenye faida kuliko zote. Miwani haimrudishii mtu ujana. Jicho linabaki zee. Lakini mzee anasoma tena, anashona tena, wala hahitaji mtumwa wa kumsomea. Hiyo ndiyo namna ya kushindana tunayoisifu.

7. Mapapa wawili

Mtu akituuliza: nguvu zikikwisha, mtu aendelee na kazi au aiache? Tunawakumbuka Mapapa wawili. Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wazee wa dunia barua tarehe 1 Oktoba 1999, naye alikuwa na miaka 79, mkono wake ukitetemeka. Humo alimtaja hata Cicero wetu. Hakuficha udhaifu wake mbele ya watu, akakaa katika kazi mpaka kufa kwake, tarehe 2 Aprili 2005. Benedikto wa Kumi na Sita, akiwa na miaka 85, alisema tarehe 11 Februari 2013, kwa Kilatini, lugha ya Cicero, kwamba nguvu zake hazitoshi tena, akaiacha kazi.

Nani alikubali, na nani alishindana? Mkifikiri vizuri mtaona kwamba kila mmoja alifanya yote mawili. Wa kwanza aliukubali mwili wake jinsi ulivyo, akashindana ili aendelee. Wa pili alipima nguvu zake kwa kweli, akakubali kushuka. Wote wawili waliamua wenyewe. Hakuna mtu aliyewaketisha kitini na kusema kwa niaba yao: ni uzee tu.

8. Neno letu la mwisho

Basi tunahukumuje kitabu cha Cicero? Ni kitabu chema, na mwenye kukipata kwa Kifaransa akisome. Kinafundisha kwamba mzee si takataka, kwamba akili haizeeki upesi kama goti, na kwamba mtu ajitunze. Lakini kiliandikwa na bwana kwa ajili ya bwana. Kilimsahau mtumwa mzee aliyekuwa nyuma ya mlango akisubiri kuondoa sahani.

Wazee wetu wana methali mbili zinazokaa vizuri pamoja. Moja inasema: jitihada haiondoi kudura. Nyingine inasema: ajizi ni nyumba ya njaa. Mwenye kushika ya kwanza peke yake anakuwa mvivu, na mwenye kushika ya pili peke yake anavunjika moyo. Mkristu anazishika zote mbili, moja kwa kila mkono. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinatuagiza kumheshimu mganga, kwa maana Mungu ndiye aliyetoa dawa katika ardhi. Na katika sura ya 3 kitabu kile kile kinatuagiza kumsaidia baba katika uzee wake, hata kama akili zake zimepungua. Maagizo haya mawili ni njia moja: kwanza tafuta dawa, na dawa zikikosekana, baki naye.

Kwa hiyo, mbele ya kusema tena « ni uzee tu », tujiulize maneno matatu. La kwanza: je, kuna mtu mwenye ujuzi aliyemtazama mzee huyu, au tumejisemea tu? La pili: je, tumemwuliza yeye mwenyewe anataka nini? La tatu: kama ningekuwa mimi, na miaka yangu hii, ningeridhika na jibu hilo?

Mkiisha kujibu maneno hayo matatu kwa moyo safi, na mkiona kweli hakuna la kufanya, hapo kubalini, tena kubalini kwa amani. Lakini msikubali mkiwa mbali. Kaeni karibu, mshikeni mkono, mumwongoze njiani, mumsikilize hata akirudia habari ile ile mara kumi. Nasi pia, tukipewa maisha, tutafika pale pale alipo.